Yule Atakayenitoa Humu

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia akalale sasa hivi, maana hii ni kesi, na mwisho wake nitadai hukumu kwa kila aliyekaa hapa. Mkubwa atahukumu, mdogo atahukumu, na yule anayejifanya anachezea simu huku masikio ameyatega, naye atahukumu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakunda, mwanamke wa makamo, alikuwa na sikio. Mlango ukifungwa chumba cha mwisho, yeye jikoni alijua nani kaufunga, na kaufunga kwa haraka au kwa hasira. Binti yake Nanzia, mwanafunzi wa kidato cha nne, alikuwa na njia. Mtaa mzima wa Kwa Mlawa, nje kidogo ya Dar es Salaam, haukuwa na uchochoro, tundu la fensi wala kiwanja cha pori ambacho hajakipita. Na jirani yao Kavishe alikuwa na mkono. Mkono wa mtu anayekamua ng'ombe asubuhi na jioni. Akikusalimia, ukiachiwa unautazama wako kama bado uko mzima.

Sikio, njia, mkono. Yashikeni hayo, mtayahitaji.

Palikuwa na mtu wa nne, naye siku ile hakuwa na kipaji chochote isipokuwa kuchoka. Huyo ni Eliamani Mrindoko, mume wa Nakunda, baba yake Nanzia, na mtani wa Kavishe, kwa kuwa yeye ni Mpare na Kavishe ni Mchaga.

Eliamani alikuwa anagonga hamsini. Ukimtazama kwa nje, hana la kulalamikia. Ana kazi ofisini mjini, ana gari, ana nyumba ya vyumba vinne yenye dari la jipsamu, vigae mpaka barazani, na fensi yenye nyaya za umeme juu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nyumba hii ilikuwa na mlango mzuri sana.

Mnajua watu wanavyojenga kwetu. Mwaka huu msingi, mwakani tofali, mwaka wa kesho kutwa bati, na katikati hapo ada, msiba na ugonjwa. Eliamani na Nakunda walijenga hivyo ujana wao wote. Walilala wakiongea nondo, wakaamka wakiongea saruji. Nakunda alimpindua fundi mkuu kwa hoja juu ya mteremko wa paa, na Eliamani akampenda upya siku ile. Waligombania rangi ya vigae vya bafuni hadi wakaishia kucheka sakafuni, kwenye vumbi, wakiwa na njaa. Nakwambieni, walikuwa na furaha, ila hawakujua kuwa ndiyo hiyo.

Kisha fundi wa mwisho akafunga vyuma vyake, akaaga. Jioni ile wakakaa sebuleni, wakatazamana.

"Dari limenyooka," akasema Eliamani.

"Limenyooka," akasema Nakunda.

Hapakuwa na kitu kingine cha kujenga, na ikaonekana hapakuwa na kitu kingine cha kusema. Tangu hapo Eliamani akawa anatoka kabla hakujapambazuka kuikimbia foleni, na kurudi giza limeshaingia kwa sababu ya foleni hiyo hiyo, na mchana kutwa simu yake ilipokea kutoka nyumbani ujumbe wa neno moja moja. "Luku." Maana yake umeme unakatika. "Maji." Maana yake tangi limekauka, aite boza. "Gesi." Yeye naye hujibu "Sawa." Alipohesabu maneno anayoambiana na mkewe aliona yanaenea kwenye kiganja, akasikia uchungu, akaona haya kusikia uchungu, maana mwanaume mwenye nyumba ya vigae atamlilia nani?

Kosa lake ni kwamba alidhani amechoka peke yake.

Basi akaanza kuficha begi dogo chini ya kiti cha gari. Mashati, suruali, mswaki. Msiniulize kuhusu mwanamke mwingine, kwa kuwa hakuwepo. Angekuwepo, hata mimi kazi yangu ingekuwa nyepesi. Alitaka tu kuendesha gari mpaka afike mahali ambapo hakuna mtu anayejua mtungi wake wa gesi umeisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, wakati wa masika. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mtaa tangu asubuhi. Eliamani alikuwa barazani, na Nakunda alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu kati yao. Simu ikalia. Akaitazama.

"Gesi."

Ukuta mmoja, na ameandikiwa ujumbe. Akasimama, akachukua mtungi mtupu, akautia kwenye buti la gari. "Naenda gesi," akasema kuelekea dirishani, na hiyo ndiyo ilikuwa kuaga kwake. Akafika kwenye duka la gesi. Mwenye duka akampungia mkono. Naye akapunga, akapita.

Hakutaka kupita barabara ya lami, angekutana na watu wa kumsimamisha. Akashika njia ya bondeni, ile inayovuka kijito kwa daraja la chini, zege tu limelazwa na maji yanapita juu yake mvua ikinyesha. Alipoanza kuteremka, mvua ikamwagika kama mtu amepindua pipa. Angegeuza. Mtu mwenye akili angegeuza. Lakini kugeuza ilikuwa ni kurudi nyumbani, na alihisi kwamba akirudi mara hii hatatoka tena. Akakanyaga mafuta.

Katikati ya daraja gari likazima. Maji yakalisukuma polepole, bila fujo, yakalitoa kwenye zege na kulitupa upande wa chini, likakwama kwenye shina la mti lililokuwa limeshaletwa na mafuriko. Vioo ni vya umeme, na umeme umekufa. Milango imebanwa na maji. Eliamani ni mtu wa milimani, kuogelea hajui. Maji yakaingia miguuni, baridi, yakapanda hadi kwenye kiti. Begi lake likaelea.

Akatoa simu. Jina la kwanza lililokuwa juu lilikuwa la mkewe, kwa sababu ya ile gesi. Akalibonyeza.

"Gesi umepata?" akauliza Nakunda.

Yaliyofuata Eliamani aliyajua baadaye, kwa kuambiwa na kila mmoja kwa kinywa chake. Nami nayasema kama alivyoambiwa, sizidishi chumvi.

Kwanza sikio. Nakunda alisikia mvua, na sauti ya mumewe ikikatika: "Mama Nanzia... gari... maji..." Kisha simu ikamponyoka Eliamani, ikaangukia juu ya dashibodi, bila kukatika. Nakunda akaita, akaita, mvua juu ya gari ikameza sauti yake, hakujibiwa. Mwingine angelia. Yeye alifumba macho akasikiliza, na nyuma ya mvua, kwa mbali, akasikia adhana ya alasiri. Misikiti pande zile ni mingi na yote ilikuwa ikiadhini. Lakini muadhini huyu alikata pumzi katikati, akakohoa kidogo pembeni ya kipaza sauti, akaendelea. "Yuko bondeni!" Nakunda akapiga kelele. "Yuko kwenye daraja la chini!" Bila sikio lile wangemtafuta njia ya duka la gesi hadi kesho.

Pili njia. Nanzia alikuwa ameshatoka mbio chumbani, na Kavishe alikuwa getini na chupa ya maziwa ya jioni, kama kawaida yake. Mama akakimbilia ufunguo wa gari la jirani. "Hapana, mama!" akasema Nanzia. "Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wanasema lori la mchanga limekwama mlimani mvua ilipoanza, hakuna gari linapita. Nifuateni." Akawapitisha nyuma ya tangi la maji, kwenye tofali mbili za fensi ambazo ukizisukuma zinatoka, wakapita ndani ya jengo lisiloezekwa, wakakata shamba la mihogo la mwalimu mstaafu, wakateremka kwenye mfereji. Tofali zile hakuna aliyejua kuwa zinatoka. Bila njia ile wangefika, ndiyo, kuokota maiti.

Tatu mkono. Kavishe alikuwa amemfungua ng'ombe wake kamba akipita, akaja nayo begani. Akafunga ncha moja kwenye mwarobaini, akajifunga ncha nyingine kiunoni, akaingia kwenye maji yale ya rangi ya chai yanayobeba magogo. Yalimwangusha. Akasimama. Yakamwangusha tena. Akalifikia gari, akavunja kioo kwa jiwe, akamshika Eliamani kwapani, na wakati huo maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Akamvuta nje kupitia dirishani kama anamzalisha ng'ombe ndama, maneno ni yake mwenyewe. Gari likang'oka nyuma yao, likaenda. Bila mkono ule, wengine wawili wangesimama kando na kumwangalia anavyozama.

Hapo hadithi nyingine huishia. Watu wanakumbatiana, wanakunywa chai. Hii ndipo inapoanzia.

Maana kuna jambo sijalisema. Maji yalipomfika kifuani Eliamani, mfa maji haachi kutapatapa, naye hakuwa na cha kushika ila mdomo wake. Akaweka nadhiri. Aliisema kwa sauti kubwa, akijua yuko peke yake na Mungu.

"Mungu wangu, mimi sijui nataka kukaa au nataka kuondoka. Yule atakayenitoa humu, huyo ndiye nitakayemfuata. Akisema kaa kwako, nitakaa na sitanung'unika. Akisema nenda, nitakwenda na sitageuka nyuma. Neno lake nitalichukua kuwa ni neno lako."

Na ile simu ilikuwa haijakatika. Mkononi mwa Nakunda simu yake ilikuwa imefunguliwa sauti, watatu wanakimbia kwenye mihogo, na wote watatu wakaisikia. Nakunda alisimama. Nanzia anasema mama yake alisimama katikati ya mvua, akaitazama simu kama kitu kilichomng'ata. Ndivyo alivyojua kuwa mumewe hakwenda gesi. Halafu akakimbia kuliko mwanzo.

Nadhiri si jambo la mchezo kwa ukoo wa Mrindoko. Babu yake Eliamani aliwahi kuweka nadhiri ya dume la ng'ombe akapeleka jike, na mpaka leo mtoto wa ukoo akifeli mtihani, wazee huguna wakasema, "Ni lile jike." Kwa hiyo Eliamani aliporudi nyumbani, akiwa amevingirishwa blanketi, alikuwa anatetemeka kwa mambo mawili. Baridi ilikuwa la pili.

Jumamosi ile nadhiri haikutajwa. Nakunda alimpikia uji kwenye jiko la mkaa. Alimshika paji la uso kuona kama ana homa, mkono wake ukabaki pale kidogo, kisha akauondoa kwa ghafla. Eliamani akajua kuwa anajua. Hakulala.

Jumapili, baada ya ibada, Nakunda akamwita Kavishe. Wakakaa wanne mezani. Nakunda akaingia chumbani akatoka na begi, si lile lililokwenda na maji, jingine kubwa zaidi, akaliweka mbele ya mumewe. Mashati yote yamepigwa pasi.

"Nimekufungashia vizuri kuliko ulivyofungasha mwenyewe," akasema. "Sasa tuongee nadhiri yako."

Eliamani alitaka ardhi ipasuke. "Mama Nanzia, yale ni maneno ya mtu anayekufa."

"Ndiyo maana nimeyaamini."

Kavishe akajaribu kuleta utani, kama haki yake. "Mtani, nyie Wapare mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku. Leo kuku ni wewe mwenyewe." Hakuna aliyecheka, naye akayameza yaliyobaki.

"Ulisema yule," Nakunda akaendelea. "Hukusema wale. Mmoja. Na mimi nasema ni mimi. Ulipotea, hakuna aliyejua uko wapi duniani. Nimekutafuta kwa sikio nikakupata. Mtu aliyepatikana ameshatoka, waliobaki ni wabebaji tu. Kwa hiyo neno ni langu."

"Unasemaje?" Eliamani akauliza.

"Nenda."

Nanzia akaruka kwenye kiti. "Mama!"

"Aende," akasema Nakunda. "Mimi sitaki mwanaume aliyebakishwa na mafuriko. Siwezi kila nikikutazama mezani niwe nafikiria, huyu yupo kwa sababu gari lilizima. Nenda. Kama ni wa kurudi, utabisha hodi kama watu, na mimi nitaamua kama nakukaribisha."

Eliamani akamtazama. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimwasha tangu jana, na likamtoka. "Yule muadhini. Unamjuaje? Sisi hatuendi bondeni."

Nakunda akajibu akitazama meza. "Nikiwaambia naenda kununua mchicha, nakwenda kukaa pale kwenye kingo za daraja. Kila siku, wewe ukiwa kazini. Nakaa tu mpaka yule mzee aadhini, akikohoa nainuka. Hiyo ndiyo saa yangu. Ulidhani wewe ndiye uliyechoka na dari lililonyooka?"

Ndugu zangu, Eliamani alikuwa amekaribia kufa mahali ambapo mkewe huenda kupumua, na hakuwahi kuuliza ule mchicha uko wapi.

"Na mimi nasema ni mimi," akasema Nanzia. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Kujua mtu yuko wapi si kumtoa. Mama ulijua, halafu ukakimbilia ufunguo wa gari! Ungekuwa mpaka sasa nyuma ya lori la mchanga. Baba alikuwa amebakiwa na pumzi ngapi? Hizo pumzi nimempa mimi. Na njia ile nimewaonyesha nikijua mtaniuliza nimeijulia wapi. Haya, niulizeni. Tuisheni siendi. Natoka kwenye zile tofali, nakaa kwenye lile jengo bila bati, kwa sababu humu ndani kimya kinaniumiza kichwa. Neno langu ni kwamba baba abaki. Akitaka kununa anune, lakini anunie hapa hapa."

Akanyanyuka, akaenda kulifunga geti, akarudi na ufunguo ameufumbata mkononi.

Wakamgeukia Kavishe. Alikuwa anazungusha kofia yake magotini.

"Mtani, wewe huna haja ya kusema," Eliamani akasema. Kwa kweli alikuwa anaogopa atakachosema.

"Nina haja," akasema Kavishe. "Kujua si kutoa, binti kasema kweli. Na kufika nako si kutoa. Mlisimama pale kando mnalia wote wawili. Aliyeingia majini ni mmoja. Neno kutoa lina maana gani kwa Kiswahili chenu? Mimi niliukamata mwili wake nikautoa. Kwa hiyo neno ni langu, na nilitaka kulikataa, lakini usiku nimefikiri nikaona sitalikataa."

Akaiweka kofia mezani.

"Mimi kwangu nilikuwa na mke na watoto. Nilikuwa nikisema ng'ombe ana homa, nikakaa bandani mpaka walale. Miaka imekwenda hivyo. Siku moja nimetoka bandani, nyumba tupu. Hiyo harufu ya ng'ombe mnayonilalamikia kwenye kundi la mtaa, mtani, yule ng'ombe ndiye niliyebaki naye. Basi mimi ukuta wangu na wenu ni mmoja, na nawasikia. Neno langu ni hili. Wewe baki. Anayeondoka ni yeye." Akamwonyesha Nakunda. "Begi umeshalifungasha, shemeji, toa hayo mashati tia nguo zako. Nenda kwenu milimani, au popote, kaa mpaka uchoke kukaa. Na huyu abaki hapa na luku, maji na gesi, ajiandikie ujumbe mwenyewe."

Nakunda alifungua mdomo kukataa, Eliamani alimwona. Alifungua mdomo, na usoni pake pakapita kitu ambacho mumewe hakuwa amekiona tangu siku zile za vumbi na njaa. Kilipita haraka, akakiua. Akafumba mdomo.

"Nadhiri si yangu," akasema polepole. "Hainifungi."

"Inamfunga yeye," akasema Kavishe. "Inamfunga abaki na akuache uende. Wewe ukitaka kukaa, kaa. Utakuwa umekaa kwa hiari."

"Na mimi je?" Nanzia akauliza, akimtazama mama yake kwa hofu mpya. Kwa muda wote ule alikuwa akipigana ili asimpoteze baba.

Nakunda akalisukuma lile begi kidogo mbele, kidogo tu.

"Baba Nanzia, nadhiri ni yako. Sema ni nani aliyekutoa, yaishe."

Eliamani akawatazama mmoja mmoja. Jana yake, ndani ya maji, alipoyasema yale maneno alifikiri atatokea mpita njia, mtu asiyemjua, amwambie kaa au nenda, na yeye apumzike na kazi ya kuamua. Nadhiri ile aliiweka ili asichague, na sasa ndiyo iliyomshika shingo ikamwambia chagua. Akimtaja mkewe, ataondoka, na labda ndicho alichokitaka, na labda siyo tena. Akimtaja bintiye, atabaki, na mke anayemtazama atakuwa na haki ya kujiuliza kila siku. Akimtaja mtani wake, atabaki yeye na vigae, na atakuwa amemfungulia mlango mtu ambaye leo hii tu amegundua kuwa hamjui na anatamani kumjua. Na akidanganya kwa kumtaja anayempendeza badala ya anayestahili, lile jike la babu yake litapata mwenzake.

Akafungua kinywa.

Nami nafunga changu. Kesi hii nimeipeleka kwenye vijiwe na kwenye vikao vya harusi, na kila mahali imeacha ugomvi. Wanawake wengi husema mkono, na nikiwauliza sababu hunieleza kwa kirefu habari za kioo na kamba, ila macho hayako kwenye kamba. Wanaume husema sikio, halafu hujikuna. Vijana husema njia bila kusita. Na msiniletee ile hukumu ya uvivu, eti wote watatu, maana mtu mmoja hawezi kwenda, na kubaki, na kubaki ili mwenzake aende. Yeye alisema yule.

Haya, sasa ni zamu yako. Aliyemsikia, aliyewafikisha, na aliyemvuta: ni yupi aliyemtoa Eliamani majini, na neno la nani lifuatwe? Wewe ungeamuaje? Sema kwa sauti tukusikie. Ila kabla hujasema, geuka kwanza umtazame uliyekuja naye, maana naye anangoja kusikia utamtaja nani.